Naomba ushauri: laptopu nyepesi ya kubeba kila siku, bajeti laki 8

Wakuu habari zenu, natafuta laptopu nyepesi maana kila siku natoka Mbezi kwenda Posta kwa daladala na mara nyingi nasimama, hii niliyonayo ya inchi 15 na chaja lake kama tofali inanimaliza bega. Kazi zangu za kawaida tu, Excel, kuandika ripoti, vikao vya Zoom na jioni muvi kidogo, gemu sichezi.

Bajeti laki 8, nikijikaza sana laki 9, kwahiyo najua ni used za Kariakoo tu hapo. Nimeangalia HP EliteBook 830 G5, ina kama kilo 1.3 na RAM unaweza kuongeza baadae, na ThinkPad X1 Carbon ya 2018 ambayo ni nyepesi zaidi, kilo 1.1 hivi, ila RAM yake imechomelewa kwenye bodi so ukichukua ya GB 8 umebaki nayo hiyo hiyo. Zote kwa kawaida zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, chini ya hapo sitaki maana Windows 11 inagoma. Kuna jamaa ananishawishi MacBook Air M1, eti haina hata feni na chaji inakaa siku nzima, sasa kwa hela yangu nikiipata si itakuwa na kasoro?

Waliotumia hizi, betri used inakaa masaa mangapi kweli? Na dukani nakagua nini kabla sijatoa hela, wauzaji wenyewe kila mashine wanasema "kama mpya bro".