Je, mate peke yake yanatosha kugundua saratani ya damu?

Mwalimu wa Tukuyu:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaandika kwa ajili ya mdogo wangu mwenye umri wa miaka 24, ambaye kwa miezi miwili sasa anachoka kupita kiasi, anapata homa za kuja na kuondoka, na anatokwa na damu kwenye fizi kila anapopiga mswaki. Amepimwa malaria mara tatu bila kukutwa na vimelea. Tabibu wa kituo cha afya ametushauri, kwa upole sana, tukachunguze damu yake zaidi ili kuondoa shaka ya saratani.

Tukiwa bado tunajadiliana nyumbani, siku ya mnada alipita mtu mwenye koti jeupe na kisanduku, akidai ana kipimo kipya kinachotambua saratani ya damu kwa mate tu, majibu ndani ya dakika 15, kwa shilingi 60,000. Mama yetu amevutiwa nacho, kwa kuwa amesikia kwamba katika hospitali kubwa mgonjwa hutolewa maji ya uti wa mgongo na huweza kupooza. Mimi nilisita, lakini sikuthubutu kumwita yule mtu tapeli, kwa sababu niliwahi kusoma kwamba Waingereza wanapima mate kwa ajili ya saratani. Je, jambo hili lina ukweli wowote?

Fundi Maabara, Iringa:

Kamwene, Mwalimu. Lina ukweli, ila si ule unaouzwa mnadani.

Habari uliyoisoma huenda ni ile ya mwaka 2025 kuhusu saratani ya tezi dume, ambapo watafiti wa London walichukua mate ya wanaume zaidi ya 6,000 na kusoma vinasaba vyao ili kujua ni nani amerithi hatari kubwa zaidi. Mate yale hayakuonyesha saratani yenyewe. Yalionyesha nani wa kuitwa kwa uchunguzi zaidi, na walioitwa walipigwa picha na kukatwa vinyama kama kawaida.

Kwa saratani ya damu, mate yana jambo la kuvutia. Watu wengi hudhani ni maji tu, lakini ndani yake kuna chembe zilizobanduka kwenye mashavu pamoja na chembe nyeupe za damu zinazopenya kupitia fizi. Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa mwingine, mate yake hukutwa na vinasaba vya yule aliyemchangia. Ndiyo maana pia madaktari wanaotaka kujua kama mgonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, alizaliwa na kasoro fulani huyaepuka mate yake na kuchukua kipande kidogo cha ngozi, maana mate yamekwisha kuchanganyika na chembe za ugonjwa. Kwa hiyo mtafiti anayetafuta alama za saratani ya damu kwenye mate hatafuti kitu cha kubuni.

Ugumu uko kwenye kipimo. Kiasi cha chembe nyeupe mdomoni hubadilika kila saa, jino bovu au fizi yenye uvimbe huziongeza, na bakteria nao wana vinasaba vyao humo humo. Tena lukemia haitambuliwi kwa kuona alama peke yake, bali kwa kuhesabu chembe na kuziangalia sura. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika maikrolita moja ya damu, ilhali mgonjwa anaweza kuvuka 100,000, au, jambo linalowashangaza wengi, akawa nazo chache kuliko kawaida. Katika lukemia kali ya aina ya mieloidi, kiwango kinachotumika kwa kawaida ni chembe changa, yaani zisizokomaa, kufikia asilimia 20 kwenye damu au uboho. Hesabu hiyo huwezi kuipata kwenye mate. Vijiti vya kupimia VVU kwa majimaji ya fizi vinafanya kazi kwa sababu vinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Lukemia haina kingamwili moja ya kutafutwa kwa namna hiyo, na kijiti cha dakika 15 hakisomi vinasaba.

Mdogo wako aanze na FBP, yaani kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, pamoja na slaidi ya damu itakayotazamwa kwa hadubini na mtu mzoefu. Mwombeni daktari aandike vyote viwili, kwa sababu mashine huhesabu vizuri lakini mara nyingine hukosea kutambua chembe changa. Hizo fizi ziwe sababu ya kwenda wiki hii hii, kwani chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikipungua, fizi ni miongoni mwa sehemu zinazotangulia kuvuja damu. Sisemi kwamba ana lukemia, maana upungufu wa damu wa aina nyingine nao huweza kuleta dalili kama hizo.

Kuhusu hofu ya mama, mweleze kwa heshima kwamba uboho huchukuliwa kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, baada ya ganzi. Maji ya uti wa mgongo ni kipimo kingine kabisa, nacho hufanywa chini ya mahali mshipa mkuu wa fahamu wa ndani ya uti unapoishia. Maumivu yapo kwa muda mfupi, nisimdanganye, lakini kupooza kwa sababu ya sindano ya nyonga sijakuona katika miaka yangu yote ya kazi.

Mama Nuru, Kyela:

Niongeze jambo moja kuhusu mate, kwa kuwa huku kwetu ziwani linatuhusu. Daktari Denis Burkitt alieleza mwaka 1958, akiwa Uganda, uvimbe wa taya kwa watoto ambao ni saratani ya chembe za damu za kinga, na akaona kwamba haupatikani sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 vikagunduliwa virusi vya Epstein-Barr vinavyohusishwa nao, na virusi hivyo huenea kwa mate. Kyela tuko chini, malaria ni nyingi kuliko Tukuyu au Makete, na malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga inayovizuia virusi hivyo. Hata hivyo karibu sote tumevipata tangu utotoni, kwa hiyo mtu akikwambia ameviona kwenye mate ya mwanao, hajakwambia kitu kuhusu saratani. Mtoto mwenye taya linalovimba haraka na meno yanayolegea apelekwe hospitali mara moja.

Mpwa wa Shangazi, Mafinga:

Shangazi yangu tulimhangaikia bandama mwaka mzima tukidhani ni malaria sugu, mpaka FBP moja ilipoonyesha lukemia sugu ya mieloidi. Sasa anameza imatinib kila siku na analima shamba lake la viazi. Ufuatiliaji wake ni wa damu, si wa mate. Fundi, ni kweli kwamba mashine inayotumika ni ile ile ya kifua kikuu?

Fundi Maabara, Iringa:

Ni kweli, GeneXpert inayopima makohozi ya kifua kikuu inaweza pia kupima jeni ya BCR-ABL, ile inayosababisha lukemia kama ya shangazi yako, kwenye damu, ila kwa katriji tofauti. Na kwa kuwa tumeyataja makohozi: kila asubuhi ninawarudisha watu wawili au watatu walioniletea mate badala yake, kwa hiyo nafikiri nina haki ya kuyasemea mate.

Mwalimu wa Tukuyu:

Ndaga fijo, nyote. Mama nimemsomea maelezo ya sindano ya nyonga mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza nauli ya kwenda Mbeya ni kiasi gani. Tunaondoka kesho alfajiri. Je, mgonjwa aende bila kula?

Fundi Maabara, Iringa:

Ale tu, Mwalimu. FBP haihitaji kufunga. Msimpe aspirini wala diklofenaki kabla ya majibu, kwa sababu ya hizo fizi.