Naomba ushauri: binti yangu ni mkimya mno shuleni, nimpe manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) ya Kimi ni Todoke likizo hii?

Baba Nuru

Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa miaka 14, yuko kidato cha pili. Nyumbani anaongea na kucheka mpaka mama yake anamwambia apunguze sauti. Shuleni ni mtu mwingine kabisa. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu wa darasa aliniambia kwamba akiulizwa swali anainamisha kichwa, na jibu analijua, maana kwenye daftari ameliandika sawasawa. Mapumziko anakaa peke yake. Shule hii amehamia mwaka huu, ile ya zamani ilikuwa ndogo na alijuana na kila mtu.

Anapenda sana kuchora. Kurasa za nyuma za madaftari yake zimejaa wasichana wenye macho makubwa, wale wa katuni za Kijapani. Mpwa wangu anayefuatilia mambo hayo akaniambia nimtafutie Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina, kwa sababu msichana wa hadithi ile naye ni mkimya na hana marafiki. Nimetazama nikakuta ni juzuu 30, na kwenye majalada kuna mvulana. Hapo ndipo nikasita.

Naomba kujua kutoka kwa mliosoma: inamfaa mtoto wa umri huo? Tuanze na vitabu au na anime, yaani katuni ya video? Na lililo zito zaidi kwangu, haitamfanya azidi kujifungia chumbani badala ya kutafuta wenzake? Kiingereza anasoma vizuri, hilo halina shida. Natanguliza shukrani.

Juzuu_ya_Mwisho

Mkuu, mpwa wako hajakupoteza. Nimeisoma mpaka mwisho, na nilianza nikiwa na umri wa karibu na binti yako.

Shiina aliitoa kwa mfululizo kwenye jarida la wasichana la Bessatsu Margaret, la kampuni ya Shueisha, kuanzia 2006 hadi 2017. Mwaka 2008 ilipata Tuzo ya Manga ya Kodansha upande wa shoujo, yaani manga za wasichana. Kwa Kiingereza imechapishwa na Viz Media.

Msichana mwenyewe anaitwa Sawako Kuronuma, ana miaka 15, ndiyo kwanza ameingia sekondari ya juu. Ana nywele ndefu nyeusi, uso uliopauka na sauti ya chini. Wenzake wakamfananisha na Sadako, mzimu wa kike wa filamu ya Ringu ya mwaka 1998, na jina likamganda. Wakaongeza ya kwao: ukimtazama sekunde tatu unapata mkosi, anaona mizimu, analaani watu. Naye wala hana kinyongo. Amejiwekea desturi ya kutenda jema moja kila siku, kwa hiyo anabeba zile kazi za darasa ambazo wengine wanazikimbia, na nyuma ya shule ana kibustani anachokitunza.

Huyo mvulana wa kwenye jalada ni Shota Kazehaya, ambaye kila mtu darasani anampenda. Anachofanya mwanzoni ni kidogo sana: anamwita Kuronuma, jina lake, na si Sadako. Kuhusu mapenzi usiwe na hofu, mambo yanakwenda polepole mno. Msimu wa kwanza wa anime una vipindi 25, na unaisha wawili hao hawajaambiana lolote.

Mzee wa Hoja

Ndugu yangu Baba Nuru, nisikilize mimi niliyelea watoto. Anayeogopa watu dawa yake ni watu. Mpeleke kwaya au madrasa, mwandikishe netiboli, mtume dukani aongee na muuzaji. Vitabu 30 vya kusoma peke yake vitampa sababu ya kutotoka kabisa. Tena hadithi za wanafunzi wa Kijapani, zinamhusu nini mtoto wa huku?

Dada wa Bweni

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako naiheshimu, na kwaya ni jambo jema. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa aina hiyo, na nilitumwa dukani sana. Dukani niliongea. Darasani sauti haikutoka, kwa sababu darasani palikuwa na watu waliokwisha kuamua mimi ni nani kabla sijafungua mdomo.

Hilo ndilo Shiina analolichora, na ndiyo maana nilimwelewa ingawa Hokkaido, kule Japani hadithi inakotokea, sijawahi kukanyaga. Watazameni nyuso za Sawako. Akionekana kwa macho ya wenzake, nywele zinafunika uso, macho yana kivuli, mpaka msomaji mwenyewe anashtuka. Tukiwa ndani ya mawazo yake anageuka kadoli kadogo ka kichwa cha mviringo, kanakohangaika na kujiuliza kama kamesema vibaya. Na mara chache, akijisahau, anachorwa msichana wa kawaida mwenye tabasamu zuri. Akijilazimisha kutabasamu, tabasamu linatisha. Mtu mmoja, nyuso tatu, wakati mwingine kwenye ukurasa mmoja. Binti anayependa kuchora ataliona hilo haraka kuliko sisi.

Kuna tukio moja la mwanzoni ambalo nalishika mpaka leo. Sawako ameanza kuzoeana na wasichana wawili, Chizuru Yoshida na Ayane Yano. Punde unazuka uvumi mchafu juu yao, na inasemwa kwamba aliyeueneza ni Sawako. Yeye anaona kuwa karibu naye kunawaharibia jina, basi anajitenga. Halafu siku moja, chooni, anawasikia wasichana wengine wakiwasema vibaya hao wawili. Msichana ambaye hajawahi kujitetea hata siku moja anasimama mbele yao na kuwaambia wafute maneno yao. Wanamsukuma, haondoki. Chizuru na Ayane wanafika na kumkuta hapo.

Kazehaya hayupo. Mtu wa kwanza kumsemea mtu kwa sauti katika urafiki ule ni Sawako mwenyewe, na anafanya hivyo kwa ajili ya wenzake. Huku kwetu tuna kauli ya lisemwalo lipo, na watoto wengi wameumia kwa kauli hiyo. Hadithi hii inaonyesha hatua kwa hatua jinsi jambo ambalo halipo kabisa linavyosemwa mpaka likaaminiwa na darasa zima.

Kwa hiyo swali lako la kujifungia, kaka, nitalijibu hivi: mimi baada ya kusoma sikuwa msemaji. Ila nilipata la kuongea na msichana wa kitanda cha jirani, ambaye naye alikuwa anasoma.

Mwalimu wa Zamu

Salamu wanajamvi. Nafundisha sekondari, na manga hii niliijua kupitia wanafunzi wangu. Nianze na swali la Mzee wa Hoja kwamba inamhusu nini mtoto wa huku.

Kwa kawaida darasa la Japani hukaa chumba kimoja na walimu ndio wanaohama, kama kwetu. Wanafunzi wanafagia na kupiga deki wenyewe, kama kwetu. Mara nyingi nafasi za kukaa hubadilishwa kwa kupiga kura ya karatasi, na Shiina ametoa humo kipande kizuri sana: siku ya kura hakuna anayetaka dawati la jirani na Sawako, kila mtu anasubiri mwingine aende. Kisha Kazehaya, Yano, Yoshida na rafiki yao Ryu Sanada wanahamisha vitu vyao na kumzunguka. Mwalimu yeyote aliyewahi kusema "kaeni wawili wawili" anaijua hiyo dakika ambayo mtoto mmoja anabaki amesimama.

Yapo ya kumweleza, kwa mfano kwamba mwaka wao wa shule unaanza Aprili, au kwamba kule Februari 14 wasichana ndio wanaotoa chokoleti na wavulana wanarudisha zawadi Machi 14. Asipojua hilo hataelewa kwa nini Sawako anahangaika na kile kifurushi.

Sasa Baba Nuru, nina jambo la kukuuliza wewe. Umesema nyumbani hana shida, shida ni shuleni, na shule hii ni mpya kwake. Sawako hakuzaliwa Sadako, aliitwa. Umemuuliza binti yako wenzake wanamwitaje? Usimuulize kama unamhoji. Siku mkiwa njiani au jikoni, ulizia majina ya utani ya darasa zima, la kwake litakuja lenyewe.

Kijana wa Pwani

Mwalimu kagusa penyewe.

Mzee wa Hoja

Swali la mwalimu ni zuri, nami nalisubiria jibu.

Baba Nuru

Nimerudi wakuu. Nilifanya kama mwalimu alivyosema, tulikuwa tunachambua mchele. Akataja majina ya utani ya wenzake karibu wote, tunacheka. Nikamwuliza, na wewe? Akanyamaza, kisha akasema "Bubu".

Kumbe siku ya kwanza aliambiwa asimame ajitambulishe, sauti ikakwama, mtu mmoja nyuma akalisema hilo neno na darasa likacheka. Tangu hapo ndilo jina lake. Hata wanaomwazima rula wanamwita hivyo, bila ubaya, ndivyo walivyomzoea. Anasema akifungua mdomo wanashangilia "Bubu kaongea!", kwa hiyo ni afadhali anyamaze.

Sikulala vizuri. Mama yake analia.

Dada wa Bweni

Pole sana kaka, mpe pole na mama Nuru. Hiyo ya kushangiliwa ninaijua. Inauma kuliko tusi, maana wanaofanya hivyo wanadhani wanakutia moyo.

Mzee wa Hoja

Baba Nuru, pole. Hapo msimamo wangu unabadilika kidogo: kumpeleka kwaya hakutafuta jina hilo. Lishughulikieni shuleni kwanza. Katuni bado nasema ije baadaye.

Mwalimu wa Zamu

Mzee, vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Shuleni azungumze mzazi na mwalimu wa darasa, kwa utulivu, na kikubwa cha kuomba ni viwili. Kwanza, mwalimu mwenyewe na viongozi wa darasa wamwite kwa jina lake, kila siku, bila kutoa tangazo. Tangazo litamfanya akodolewe macho upya. Pili, apewe nafasi ya kuonekana kwa anachokiweza. Anachora? Kila darasa lina chati za baiolojia na ramani za jiografia za kuchorwa. Sawako naye watu wanaanza kumsogelea anapowasaidia wenzake kujiandaa na mtihani wa marudio. Anaeleza vizuri, wanafaulu, na ghafla wanagundua kwamba ana sauti.

Juzuu_ya_Mwisho

Nami nimalizie upande wa vitabu. Chukua juzuu tatu za kwanza tu, usinunue zote. Kura ya nafasi, uvumi na lile tukio la chooni vyote vimo humo. Zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukurasa wa kwanza uko pale sisi tunapoweka wa mwisho. Binti yako bila shaka analijua hilo, wewe ndiye utakayechanganyikiwa ukitaka kusoma naye, na nakuomba usome naye.

Ujue mapema mambo mawili usije ukashtuka. Ule uvumi juu ya Ayane unasema amelala na wanaume 100. Ni uongo na hadithi yenyewe inaulaani, lakini maneno hayo yamo. Pia Ayane ana mpenzi mkubwa kuliko yeye ambaye anampiga kofi, naye anaachana naye. Mimi naona ni mazungumzo mazuri kati ya mzazi na binti, ila uamuzi ni wako. Picha za utupu hakuna.

Anime iliyotengenezwa na studio ya Production I.G ni ya 2009 hadi 2011 kwa misimu miwili, wa tatu ukaja Netflix mwaka 2024. Ni nzuri sana, lakini kwa mtoto anayechora ningeanza na vitabu, aweze kusimama kwenye ukurasa kadiri anavyotaka.

Akimaliza na akaipenda, ipo pia ya Tomohito Oda kuhusu Komi, msichana ambaye akitaka kuongea maneno hayatoki kabisa. Ile ilianza 2016 kwenye jarida la wavulana na ina vichekesho vingi, lakini mwanzoni pana mazungumzo marefu ambayo Komi na Tadano, mwenzake wa darasani, wanayafanya kwa chaki ubaoni, darasa likiwa tupu. Nadhani atayapenda.

Baba Nuru

Asanteni sana wote, na mzee wangu pia. Nitachukua juzuu tatu. Jumatatu nakwenda shuleni.

Dada wa Bweni

Kaka, kabla hujaenda, muulize binti kama anataka uende, na vipi. Mimi baba alikuja darasani bila kuniambia.

Baba Nuru

Nimemuuliza jioni hii. Anataka niende, ila nipite ofisini kwa mwalimu wakati wenzake wako kwenye kipindi cha michezo. Na ameomba nibebe michoro yake miwili, ameichagua mwenyewe.