Uenyeji ukikosekana: ukaguzi, kura au wananchi? Tulinganishe

Kipyenga
Wakuu, nchi ikikosa uenyeji wa Kombe la Dunia au Olimpiki, kauli ya kwanza huwa "tumeonewa". Naona tunachanganya mambo. Kuna ombi linalokwama kwenye ukaguzi, kuna linaloangukia kwenye kura, na kuna linalokataliwa na wenye nchi kabla halijafika popote. Mifano yangu:

Ukaguzi: Moroko 2026. Wakaguzi wa FIFA waliipa alama 2.7 kati ya 5. Marekani, Kanada na Meksiko walipata 4.0. Viwanja vyote 14 vya Moroko vilihitaji kujengwa au kukarabatiwa.

Kura: England 2018. Viwanja vipo, ligi ipo, mashabiki wapo. Wakaambulia kura 2 kati ya 22, moja ikiwa ya mjumbe wao wenyewe.

Wananchi: Oslo, Olimpiki ya majira ya baridi ya 2022. Walijitoa Oktoba 2014.

Mimi naweka ukaguzi namba moja. Kama hujajenga, hata rafiki yako anakosa la kukutetea nalo. Mnasemaje?

Mama_Takwimu
Kipyenga, hapo kwenye ukaguzi sikubaliani nawe. Mwaka 2010 ripoti ya FIFA yenyewe iliiweka Qatar kwenye hatari kubwa kiutendaji. Desemba 2 mwaka huohuo, kwenye kura ya Kombe la 2022, Qatar ikaishinda Marekani 14 kwa 8. Australia, iliyotumia zaidi ya dola milioni 40 za kwao kwenye kampeni, ilipata kura 1. Ukaguzi una nguvu pale tu wapiga kura wanapoamua kuuheshimu.

Na hiyo Moroko yako haikutolewa na wakaguzi. Ilivuka kiwango cha chini, ikafika Moscow Juni 2018 na kushindwa kwa kura 134 dhidi ya 65. Saudi Arabia iliwapigia wale wa Amerika Kaskazini, na nchi kadhaa za Afrika nazo zikafanya hivyo. Nadhani fedha zilisema sana: ombi la nchi tatu lilikadiria mapato ya dola bilioni 14, la Moroko takriban nusu yake. Chama kidogo kinachoishi kwa mgao wa FIFA lazima kipige hesabu.

Duru_ya_Pili
Kwenye kura niruhusuni nikae kidogo, maana hapa ndipo watu hupotea. Kura za Olimpiki zilikwenda kwa mizunguko: wa mwisho anatoka, wafuasi wake wanahamia kwingine. Copenhagen, Oktoba 2009, mzunguko wa kwanza wa kumchagua mwenyeji wa 2016 ulikuwa hivi: Madrid 28, Rio de Janeiro 26, Tokyo 22, Chicago 18. Chicago, ambayo Rais Obama alisafiri kwenda kuipigia debe, ikatoka palepale.

Sasa fuatilia aliyeongoza. Madrid ilitoka 28 ikafika 29, kisha 32. Rio ilitoka 26 ikafika 46, kisha 66. Aliyekuwa wa kwanza asubuhi aliongeza kura 4 tu hadi mwisho. Waliompenda walimpenda tangu mwanzo, na wengine wote walikuwa na chaguo la pili ambalo halikuwa yeye.

Kazi ngumu ni kumfuata mjumbe aliyekwisha kuahidi kura yake kwa mwingine, umwombe akukumbuke mtu wake akitolewa. Nchi nyingi huona hilo ni kujidhalilisha. Mimi naona ndiyo kampeni yenyewe.

Halafu kuna uzito wa mtu mmoja. Julai 2000 Afrika Kusini ililikosa Kombe la 2006 kwa kura 12 za Ujerumani dhidi ya 11. Charles Dempsey wa Oceania, aliyetarajiwa kuiunga mkono Afrika Kusini, hakupiga kura katika mzunguko wa mwisho. Hilo linaniuma hadi leo.

Mlipakodi
Ninyi mnawajadili waliofika kwenye kura. Hesabuni wasiofika. Hamburg, kura ya maoni ya Novemba 2015: asilimia 51.6 walikataa. Calgary, Novemba 2018: asilimia 56.4 walikataa. Boston, Julai 2015: meya alikataa kusaini dhamana ya kuwabebesha walipakodi hasara, na ombi likaisha.

Watu hawachukii michezo. Wanasoma mkataba. Gharama zikizidi, anayelipa ni mji au serikali. Montreal iliandaa Olimpiki 1976 na ikamaliza kulipa deni lake 2006. Anayepigiwa mfano huo halafu akaombwa saini ana haki ya kusita. Oslo ilipojitoa walibaki wawili, Beijing na Almaty, na Beijing ikashinda 44 kwa 40.

Faili_Namba_3
Niliwahi kuwa kwenye timu ndogo ya kuomba mashindano ya vijana. Tulikuwa na viwanja na tulikuwa na watu. Kilichotukwamisha ni barua za dhamana: viza, kodi, usalama. Kila ofisi ilidai ofisi nyingine isaini kwanza, na moja ilifika siku mbili baada ya muda kufungwa. Kwa hiyo kwenye orodha ya Kipyenga ongezeni serikali kutokubaliana yenyewe kwa yenyewe. Kwa nje itaonekana kama ukaguzi.

Mama_Takwimu
Faili, umegusa penyewe. Siku hizi hali ni ngumu zaidi kuiona, kwa sababu ushindani unaisha mapema. Brisbane ilipitishwa Julai 2021 kuandaa Olimpiki ya 2032 kwa kura 72 za ndiyo na 5 za hapana. Mpinzani kwenye karatasi hakuwepo. Mji ukikosa leo, huenda umekosa kwenye mazungumzo ya awali ambayo hayana ubao wa matokeo.

Kipyenga
Nakubali kusahihishwa. Naushusha ukaguzi hadi wa tatu. Kwanza naweka ridhaa ya nyumbani pamoja na hizo saini za Faili, halafu kura.

Ila kuna jambo bado nalipima. Moroko iliomba peke yake 1994, 1998, 2006, 2010 na 2026, ikakosa zote tano. Ilipoungana na Uhispania na Ureno kwa 2030, ikapitishwa Desemba 2024 bila mpinzani. Duru_ya_Pili, wewe unaijua hesabu: hapo walijenga zaidi, au walibadilisha tu nani yuko upande wao?

Duru_ya_Pili
Upande. Washirika wawili wa Ulaya waliwapa wapiga kura ambao Moroko haikuwahi kuwapata peke yake. Viwanja vilifuata baadaye.