Mjadala: Stara ya nani?

Mwanzisha mada, Langoni:
Juzi barazani mzee mmoja alisema kesi za ubakaji zimalizwe na wazee, maana kumpeleka binti kortini ni kumvua nguo mara ya pili. Wengi wakaitikia. Mimi naona stara hiyo ni ya mbakaji. Fidia wanakula watu wazima, na binti anaendelea kupishana naye njiani. Njia za Lamu mnazijua upana wake.

Mkwe wa watu:
Na ukishamfunga binamu, harusi na maziko mtahudhuriaje? Twaishi kisiwani, si Nairobi. Halafu kuna wanaosingiziwa.

Wa Faza:
Kabla ya kuwalaumu wazazi, pandeni boti. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na sisi wa visiwani lazima kwanza tusubiri boti. Hapo bado fomu ya P3, ile ya polisi anayoijaza daktari baada ya kumpima mwathiriwa. Kesi ya mpwa wangu imeahirishwa mara tatu, kila mara nauli ya watu watatu. Ya nne, dada yangu hakwenda. Mtamwitaje, msaliti?

Mwanzisha mada:
Simwiti hivyo. Ila kesi si yake kuiondoa, wala si ya wazee. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kuisimamisha ni uamuzi wa mwendesha mashtaka wa serikali. Anayenajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Hilo si la kulipiwa mbuzi.

Wa Malindi:
Vifungo virefu tunavyo, na Mahakama ya Juu ilivikubali mwaka 2024. Lakini nje ya korti binti hukaa benchi moja na ukoo wa mshtakiwa! Kifungu cha 31 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu shahidi akingwe asionane naye, au awe na mtu wa kumsaidia kusema. Muombeni mwendesha mashtaka. Na wewe wa kusingiziwa: hakimu anaweza kutia hatiani kwa neno la mwathiriwa peke yake, lakini lazima aridhike kwamba ni kweli na aandike sababu. Si kwamba neno linamezwa tu.

Wa Faza:
Hicho cha 31 dada yangu hakuambiwa na mtu. Naenda kwake sasa hivi. Kesi inatajwa tena Jumatatu. Kuna anayevuka alfajiri, mwenye nafasi ya watu watatu?