Tupeane uzoefu: wewe unayekimbiza muda wako wa marathoni ukiwa Kigoma au Tabora

Migebuka Mbichi
Habari za jioni wakuu. Jana asubuhi nimemwona kijana anashuka Lumumba kutoka Mwanga kuelekea stesheni, kila baada ya hatua kadhaa anatazama saa ya mkononi, uso umekunjamana. Nikajua huyu ana muda anaukimbiza. Yangu yote yakarudi, nikaona nilete uzi.

Lengo langu ni kumaliza kilomita 42 chini ya masaa 4. Sitafuti ushindi wala medali. Nataka ile namba ianze na tatu, basi. Hapa Kigoma wa 42 tunahesabika, wengi ni joging ya Jumamosi mpaka Bangwe, kurudi, supu, nyumbani. Mazoezi ya masaa matatu unayafanya mwenyewe na mbwa wa watu.

Mbio za mwisho (sizitaji) nilishika 5:41 kwa kilomita tangu mwanzo, saa yangu shahidi. Zidisha kwa 42.195 unapata 3:59:48. Nimevuka mstari 4:02 na sekunde zake. Nilipoona kibao cha 40 nikapiga hesabu, nikajua haiwezekani tena, na miguu bado ilikuwa inakwenda. Zile kilomita mbili nilizimaliza nalia. Sikutembea hata hatua moja, wakuu, na bado muda umenipita. Njia ilikuwa ndefu, sina shaka.

Leteni ya kwenu. Kilomita gani ilikumaliza, na ulirudije?

Kaka Katonga
Umenikumbusha mbali mkuu. Ya 34. Naishia hapo.

Mnyonge wa Isevya
Nakazia. Ya 34 ina jambo lake.

Fundi Baiskeli
Mleta uzi pole, ila usiilaumu njia kabla hujajua inavyopimwa. Njia iliyopimwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele. Mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko yote, kwenye kona anapita sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Halafu wanaongeza moja kwa elfu ili isije ikawa pungufu, kama mita 42 kwa marathoni nzima. Wewe hukupita mstari huo. Ulizungushwa na watu, ulikata barabara kufuata maji, kona ulizipita kwa nje. Saa yako ilisoma ngapi mwisho?

Migebuka Mbichi
42.6

Fundi Baiskeli
Basi jibu unalo. 42.6 kwa 5:41 ni masaa 4 na dakika 2. Saa inagawa kwa kilomita zake, mwamuzi anagawa kwa zake. Safari ijayo shika 5:35 kwenye saa. Hata ukizunguka mpaka 42.6 tena, unaingia 3:57 na ushei.

Mnyonge wa Isevya
Fundi unaongea kama kila mbio zimepimwa kwa baiskeli. Nyingine huku mikoani mtu anapanda bodaboda anasoma kilomita kwenye dashibodi. Nimekimbia "21" ikatoka 19 na nusu, watu wanashangilia rekodi zao. Rekodi gani hapo?

Fundi Baiskeli
Ndio maana unauliza cheti cha upimaji kabla hujalipia. Sijasema zote.

Mnyonge wa Isevya
Ulisema.

Fundi Baiskeli
Rudi usome.

Binti Ujiji
Assalaam aleykum, na habari zenu wote. Nimesoma ya kaka Migebuka nimeshindwa kulala.

Mimi lengo langu ni 4:30, kwa hiyo natakiwa 6:23 kila kilomita. Nakimbia na suruali, kanzu fupi na mtandio niliobana pini, nikishaswali alfajiri. Natoka Ujiji, napandisha Mwanga mpaka Mwandiga, narudi. Mwanzoni akina mama wa barabarani walikuwa wananiuliza kama kwetu kuna msiba. Sasa wananiuliza leo mbona umechelewa.

Kilichonimaliza ni Moshi. Anayeijua Kilimanjaro Marathon anajua nusu ya kwanza unaenda vizuri, ya pili ndiyo inakupandisha kuelekea Mweka. Nilifika nusu nikiwa ndani ya muda wangu, nafurahi kimoyomoyo. Tulipoanza kupanda nikaona 6:20 inakuwa 7, halafu 8. Nikatazama paja langu la kulia, nyama iliyo juu ya goti inacheza yenyewe, inaruka chini ya kitambaa wala siiamrishi. Nikisimama najua sitaanza tena. Kulikuwa na mzee anapanda pembeni yangu, nywele nyeupe, raba zake zimeshonwa kwa uzi mwekundu. Akaniambia, "Mwanangu, usitazame juu, tazama viatu vyangu." Nikatazama ule uzi mwekundu mpaka tulipogeuza.

Nimemaliza 4:41. Ndugu wanapiga simu kunipongeza, naitikia asante, na kichwani naitafuta ile dakika kumi na moja imekwenda wapi. Nyumbani hawanielewi. Wanasema si umemaliza? Nimemaliza, ndiyo. Lakini nilijiwekea ahadi na nafsi yangu, na ile ahadi bado nadaiwa.

Mama Kibirizi
Mwanangu nimekuelewa sana. Sana.

Kaka Katonga
Dada, Mweka si mahali pa kutafutia muda. Tafuta njia tambarare, pwani huko.

Mnyonge wa Isevya
Pwani na lile joto? Ndio atapata 5:10. Aje Tabora afanye mazoezi, tuko mita 1,200 juu ya bahari na ardhi imenyooka.

Kaka Katonga
Tabora ni mchanga mtupu. Na mwinuko wa 1,200 ni mdogo, haukuongezei chembe nyekundu za damu, wenzako wanakaa Mbulu na Arusha huko juu. Sisi kilima cha Mwanga kinatutosha.

Alfajiri Itetemia
Kabla hamjampeleka dada wa watu kufanya mazoezi Tabora, acha niwape yangu.

Nilikuwa natafuta 3:30. Mwendo wa 4:58. Nafundisha, kwa hiyo ndani ya wiki nafasi yangu ni moja tu, saa kumi na nusu alfajiri, nirudi nioge niwahi namba. Siku hiyo ratiba ilitaka kilomita 5 za mbio kali. Nikatoka nje ya mji, njia ya Itetemia, giza, nina kofia na taa ndogo kichwani nimeizima maana mbalamwezi ilitosha.

Sikujua kwamba usiku ule nyumba moja ya jirani imevunjwa. Sasa jamani, mtu mzima, nguo nyeusi, anatimka alfajiri kwa kasi ile. Nikasikia mwano, yowe la kuita watu, umepigwa nyuma yangu. Kwa msiotoka huku, mwano ukipigwa kila mwanaume anatoka na alichonacho. Sungusungu, walinzi wa jadi, kwetu ni jambo la tangu miaka ya 80, hawana mchezo. Kwanza nilidhani wanamkimbiza mtu mwingine. Nikasogea pembeni niwapishe! Nilipoona tochi zote ziko kwangu ndipo miguu ilipokosa nguvu.

Nikasimama. Nikakaa chini kabisa, mikono kichwani. Nilikuwa nimesikia siku nyingi kwamba ukikimbia umekwisha. Fimbo ya kwanza ilitua begani. Ya pili mgongoni. Nasema mimi mwalimu, mimi mwalimu, sauti haitoki, pumzi yote nimeshaimaliza kwenye zile mbio. Mtu mmoja akasema leteni kamba. Nilimwona usoni, nilishawahi kununua karanga kwake.

Aliyeniokoa ni mama muuza maandazi. Alikuwa ameshawasha moto, akaja na kanga yake mabegani, akamulika, akasema kwa Kinyamwezi kisha kwa Kiswahili: "Huyo mwacheni, anakimbiaga kila siku, anamfundisha mwanangu." Wale watu wakashusha fimbo mmojammoja. Kamanda wao akaninyanyua, akanifuta mchanga, akaniomba radhi mbele ya wote. Nikapewa chai palepale.

Sikukimbia tena mpaka mvua zikaisha. 3:30 sijaipata mpaka leo, nina 3:38. Siku hizi navaa fulana ya njano na ninamtaarifu mwenyekiti wa kitongoji njia yangu na saa yangu.

Kaka Katonga
Daah.

Mzee wa Reli
Alhamdulillah uko hai mwalimu.

Chapa Mguu
Hahaha pole mwalimu, ila ile kilomita ya mwisho saa ilisoma ngapi? Isije ikawa ndiyo rekodi yako.

Mama Kibirizi
Wewe Chapa Mguu hapo pa kucheka ni wapi? Watu wanachomwa moto kwa jambo hilohilo. Nina ndugu yangu hakupata mama wa maandazi.

Chapa Mguu
Mama nisamehe, nilidhani yeye mwenyewe ameshalizoea.

Mama Kibirizi
Halizoeleki.

Mnyonge wa Isevya
Ila mwalimu, hao sungusungu unawasema vibaya bure. Wizi wa ng'ombe nani aliumaliza huku kama si wao?

Alfajiri Itetemia
Sijawasema vibaya. Nimesema nilichopigwa. Kamanda wao ni rafiki yangu sasa.

Migebuka Mbichi
Wakuu turudi kwenye muda jamani, ingawa ya mwalimu imenitoa jasho. Mnakula nini mazoezi marefu? Mimi nikifika 30 naishiwa kabisa.

Chapa Mguu
Meza diklofenaki mbili kabla ya kuanza, hutasikia kitu mpaka mwisho.

Muuguzi Cheyo
USIMSIKILIZE. Samahani kwa herufi kubwa. Dawa za maumivu za kundi hilo pamoja na jasho na masaa manne ya kukimbia zinaumiza figo. Nasema hili nikiwa na sare ya kazi mwilini. Na jambo la pili, msifakamie maji matupu kwa woga wa jua. Ukinywa kupita kiasi chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, wenzako wanadhani una kiu wanakuongezea maji. Kunywa kwa kiu, na chumvi iwepo.

Mnyonge wa Isevya
Asali ya Tabora, mkuu. Kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 17 za sukari, na mkimbiaji anahitaji gramu 30 mpaka 60 kwa saa. Vijiko viwili au vitatu kwa saa umemaliza kazi. Changanya na maji ya ndimu na chumvi kidogo, tia kwenye kichupa kilaini unachoweza kukikamua. Anza kilomita ya 7 au 8, usingoje 30, ukingoja umeshachelewa. Jioni ya kuamkia mbio kula matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha) na chai.

Kaka Katonga
Matobolwa yatakujaza gesi. Ugali wa muhogo na dagaa, mawese kidogo.

Muuguzi Cheyo
Mawese jioni ya kuamkia mbio hapana, mafuta yanakaa tumboni.

Kaka Katonga
Babu yangu amekula mawese miaka yote na alikuwa anatembea Kasulu kwa miguu.

Muuguzi Cheyo
Kwenda Kasulu hakushindana na saa, kaka yangu.

Mzee wa Reli
Naomba niseme neno kama mtu mzima. Vijana mnaiabudu saa. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu mwaka 2025 alikimbia marathoni ya Boston 2:05:04 akawa wa pili. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Tokyo, kwenye joto lile, kakimbia 2:09:48 na amekuwa bingwa wa dunia. Muda mbaya zaidi, dhahabu! Na Mjerumani Amanal Petros kaandikiwa 2:09:48 hiyohiyo, mpaka wakatazame picha ya mstarini. Sasa muda una maana gani?

Binti Ujiji
Mzee wangu, kwa heshima zote, Simbu ana mtu wa kumshinda. Mimi nikifika, mshindi ameshaoga na kupanda gari. Nikiondoa saa, nashindana na nani?

Mama Kibirizi
👏👏

Fundi Baiskeli
Na mzee usisahau Juma Ikangaa, Mtanzania wetu wa zamani. Boston 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. Sekunde moja! Akawa wa pili tena 1989 na 1990. Muulize yeye kama sekunde haina maana.

Mzee wa Reli
Ikangaa huyohuyo akaenda New York Novemba 1989 akashinda kwa 2:08:01. Hilo mbona hujalisema? Lakini binti nimekusikia. Umeniweza.

Kaka Katonga
Kitu hakijasemwa hapa ni SAFARI. Sisi wa Kigoma kwenda Moshi ni Nzega, Singida, Babati, Arusha, unashuka miguu imevimba kama magogo. Halafu unapumzika usiku mmoja unataka 3:59? Fikeni angalau siku tatu kabla. Ndani ya basi vaa soksi ndefu za kubana, kila basi likisimama shuka utembee.

Chapa Mguu
Siku tatu za gesti nani analipa?

Kaka Katonga
Tafuta ndugu.

Migebuka Mbichi
Nimewasoma wote, asanteni. Nimeandika 5:35 kwenye karatasi nimeibandika juu ya kitanda. Mnyonge wa Isevya, naomba lita moja ya asali, unitumie kwa basi. Mwalimu, nikipita Tabora nataka nije nikusalimie wewe na yule mama wa maandazi. Dada Binti Ujiji, Jumamosi nina kilomita 30, mwendo wa 6:20, kwa hiyo ni mwendo wako huo. Kama hutajali tuunganishe nguvu.

Binti Ujiji
Sijali. Ila nakuja na mdogo wangu wa kiume, yeye atakuwa kwenye baiskeli amebeba maji. Mwanga sokoni saa kumi na mbili kasorobo, usichelewe, mimi simsubiri mtu.

Chapa Mguu
Na mimi naweza kuja? Naishia 15.

Binti Ujiji
Njoo. Diklofenaki ziache nyumbani.