Sponji wa baharini anatibu kansa kweli au nimepigwa?

mtoto_wa_Igogo: Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa haraka. Mama mdogo ana kansa ya titi, kapangiwa kuanza dripu za dawa ya kansa Jumatatu. Sasa leo mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, jamaa kaniuzia kopo la unga, anasema ni sponji wa baharini kasagwa, eti wazungu wanatolea humohumo dawa ya kansa, anywe kijiko kwenye uji na dripu aachane nazo. Elfu 40, nimelipa 15 nadaiwa 25. Nimegugo nikaona kweli sponji na kansa vinatajwa pamoja, ndo nikachanganyikiwa kabisa.

Mfamasia_Nyegezi: Pole kwa kuuguza mkuu. Jamaa kachukua ukweli nusu. Kuna dawa ya kansa ya damu inaitwa sitarabini, ilianzia kwa sponji wa Karibi, mwanakemia Bergmann na wenzake walimchunguza mwanzoni mwa miaka ya 1950, Marekani wakaipitisha 1969. Ya titi nayo ipo, eribulini, ya 2010, wanapewa ambao kansa imeshasambaa na dripu nyingine wameshapitia, chanzo chake ni halikondrini, kemikali ambayo Wajapani waliitoa kwa sponji wa kwao. Ila sikia hii, New Zealand walivua tani nzima ya sponji wakaambulia kama miligramu 300 za hiyo halikondrini, kidonge kimoja cha parasetamo kina 500! Ndo maana siku hizi eribulini inaundwa maabara mwanzo mwisho, sponji hayumo. Na zote mbili zinapita kwenye mshipa, sitarabini ukiinywa utumbo na ini vinaivunja kabla haijafika popote, sasa kijiko kwenye uji jamani??

mama_dagaa: Samahani naingilia, yale madude ya kijani kwenye mawe huku ziwani si sponji pia?

Mfamasia_Nyegezi: Mengi ni mwani tu dada, ila sponji wa maji baridi wapo. Huyu ni mnyama hana miguu wala gamba, akishajishika kwenye jiwe ndo basi, kwa hiyo anajilinda kwa sumu, nyingine wanamtengenezea bakteria wanaoishi ndani yake. Watafiti wanaifuata hiyo sumu. Usimsagie mgonjwa.

Mzenji_Kirumba: Kwetu Jambiani, Zanzibar, kina mama wanafuga sponji kwenye kamba baharini, za kuogea, wanauzia watalii. Anayekunywa sijamuona. Hebu fungua hilo kopo unuse.

mtoto_wa_Igogo: Nimefungua. Dagaa wakuu, dagaa kabisa, na kipande cha kichwa kimebaki hakijasagika 😭 Jumatatu nampeleka mama mdogo mwenyewe. Ile 25 aje aidai nyumbani.