Walutheri wa Uswidi wanafungisha ndoa za jinsia moja, sasa sisi KKKT (Walutheri wa Tanzania) na wao ni kanisa moja au vipi?

Mwanakwaya_Kagera
Habarini wapendwa, naomba mnisaidie kwa upole maana nyumbani hatuna amani. Mdogo wangu anasoma Uswidi, juzi katuma picha za harusi ya mwenzake wa chuo, ni kanisani kabisa, madhabahu na mishumaa kama usharikani kwetu, mchungaji kavaa stola, ila mbele yake wamepiga magoti mabinti wawili. Mama akaikuza ile picha kwa vidole, akaiangalia weee, halafu akaniuliza "hao ndio Walutheri wenzetu?" Wamisionari wa Uswidi wamefanya kazi huku kwetu miaka mingi, mama mwenyewe kazaliwa kwenye hospitali yao, nikakosa jibu. Hivi dhehebu likiwa moja msimamo si unatakiwa uwe mmoja? Na Wakatoliki na Waanglikana kwao ikoje?

Mzee wa Usharika
Mwanangu, mama mpe shikamoo yangu. Sisi Walutheri hatuna Papa, kila kanisa lina vikao vyake na ndivyo vinavyoamua, lile Fungamano la Kilutheri Duniani ni umoja tu haliwezi kumwamuru mtu. Uswidi waliamua kufungisha ndoa hizo Oktoba 2009, na mwaka huohuo Walutheri wa ELCA kule Marekani wakaruhusu wachungaji walio kwenye mahusiano ya namna hiyo. 2010 maaskofu wetu wakatoa Tamko la Dodoma, ndoa ni ya mume na mke basi, na wakasema hata fedha za wanaotetea ndoa hizo hawazitaki. Waethiopia wa Mekane Yesus, kanisa la Kilutheri la kule, ndio walikaza zaidi, 2013 wakakata kabisa ushirika na Uswidi na ELCA. KKKT hatukufika huko, tunaitana ndugu bado ila kwenye hili kila mmoja kashika njia yake.

Rozari_ya_Jioni
Kwetu Wakatoliki fundisho ni lilelile dunia nzima, tendo ni dhambi ila mtu apokelewe kwa heshima, ipo Katekisimu namba 2357 na 2358, someni zote mbili maana wengi wanaishia ya kwanza. Kimbembe kilikuja Desemba 2023 na ile hati ya Vatikani, Fiducia Supplicans. Nakumbuka tupo jumuiya, rozari haijaisha simu zinaita tu, meseji imesambaa eti Papa karuhusu ndoa za mashoga, mama mmoja akalia machozi kabisa. Hati yenyewe inasema ndoa haijabadilika, ila padre anaweza kuwapa baraka fupi wawili wakimuomba, isiwe ibada wala isifanane na harusi. Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa akaandika kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba huku kwetu wawili wa namna hiyo hawatabarikiwa, na Papa Fransisko akaridhia. Wakati Ujerumani na Ubelgiji kuna mapadre wanabariki! Kwahiyo hata sisi wenye Papa mmoja hatuko sawa.

Muanglikana wa Dar
Sisi ndio tumeumia kuliko wote. Kwenye Lambeth 1998, mkutano wa maaskofu wetu wa dunia nzima, maaskofu 526 dhidi ya 70 walipitisha kwamba matendo hayo hayaendani na Maandiko, miaka 5 tu baadaye Wamarekani wakamweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu wa New Hampshire na wakati huo alikuwa anaishi na mwanaume mwenzake. Februari 2007 maaskofu wakuu wakakutana hapahapa Dar, baadhi yao wakakataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na askofu mkuu wa Marekani, yaani mtu katoka bara lingine mnakaa naye kikao kimoja ila mkate hammegi pamoja, mimi liliniuma sana. Februari 2023 sinodi ya Uingereza nayo ikaunga mkono mpango wa sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, siyo ndoa, na mwezi uleule baadhi ya maaskofu wakuu wa Afrika na Asia wakasema hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa heshima wa Waanglikana, kama kiongozi wao.

Besi_ya_Pili
Naona tunaongelea maaskofu tu, mimi naomba niseme ya kaka yangu. Kaimba besi kwaya yetu miaka mingi. Watu walipojua hakuna aliyemfukuza, ila akikaa kwenye benchi wenzake wanasogea, anabaki na nafasi pande zote mbili na Kitabu cha Nyimbo pembeni. Siku hizi anasikiliza ibada redioni chumbani kwake. Mimi kuhusu ndoa naamini kama kanisa linavyofundisha, sijabadilika, lakini hilohilo azimio la Lambeth 1998 lina maneno kwamba watu hawa wasikilizwe, na Katekisimu imeshatajwa hapo juu. Niambieni nani kaja kumsikiliza kaka yangu? Mchungaji hajawahi hata kubisha hodi.

Mwanakwaya_Kagera
Asanteni sana. Nimemsomea mama yote, la Mzee wa Usharika limemtuliza. La huyu wa mwisho akasema nirudie. Kesho baada ya ibada anataka nimpigie mdogo wangu, amuulize siku ile mchungaji alisoma andiko gani.